Darasa la jioni la Kiingereza kwa wauguzi, Nakuru: nimemaliza, haya ndiyo maoni yangu

Tangu nianze kutembea na daftari la mazoezi mfukoni mwa sare, wenzangu wodini hawaachi kuniuliza kama lile darasa la jioni lina maana au ni kutupa pesa. Nimeamua kuandika kwa kirefu, kila mtu ajisomee, niache kurudia maneno yale yale kila tunapokabidhiana zamu. Kwa wenye haraka: kama shida yako ni kusikiliza na kuongea, nenda ukalipe. Kama shida yako ni kuandika barua, jua mapema kwamba barua utajifunzia kwingine.

Kwanza mahali penyewe. Ni katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka Top Market, ghorofa ya pili, juu ya duka la redio na spika. Mlangoni hakuna jina, kuna karatasi iliyochorwa mshale na neno ENGLISH. Ukiufuata mshale unampita fundi cherehani, unampita kinyozi, unaingia chumba chenye viti vya plastiki na ubao mweupe uliochoka kufutwa. Ngazi hazina taa, kwa hiyo simu iwe na chaji. Ada ni shilingi 7,000 kwa wiki sita, jioni tatu kwa wiki, na 500 ya nakala. Mwalimu anakubali ulipe kwa awamu mbili. Ukikumbuka kwamba ada ya mtihani wenyewe hulipwa kwa pesa za kigeni, hiyo 7,000 haitakuuma sana.

Mtihani ninaousema ni OET, ule wa Kiingereza cha watu wa afya wanaotaka kufanya kazi ng'ambo. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kwenye kuongea unaigiza mazungumzo mawili, wewe ukibaki muuguzi na mwenzako akijifanya mgonjwa au ndugu ya mgonjwa, dakika kama tano kila moja, na kabla ya kuanza unapewa dakika tatu za kusoma kadi. Alama ni kutoka 0 hadi 500. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linataka B, yaani 350 na kuendelea, kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea. Kwenye kuandika linakubali C+. Kuna waliokuja darasani kwa ajili ya IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza usio wa afya peke yake, na mmoja alikuja tu kwa sababu mumewe alimwambia Kiingereza chake kimeota kutu, lakini wengi tulikuwa wa OET. Mtu akituuliza tunakwenda wapi tunamwambia London, halafu tunachekana, maana makanga wa hapa Nakuru wanaita "London, London" kutwa nzima na wanamaanisha mtaa wetu.

Sasa, Kiingereza tunacho. Tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, faili tunazijaza kwa Kiingereza, daktari akipita vitandani tunamjibu kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa Leeds, kule Uingereza, haongei Kiingereza cha faili. Faili inasema "vomited", yeye anasema "threw up". Faili inasema "lost consciousness", yeye anasema "passed out". Faili inasema "the anaesthetic is no longer effective", yeye anakunja uso na kukwambia "it's wearing off". Kila neno ndani yake unalijua. Ukiyaunganisha hujui kitu, na saa ya kusikiliza kaseti ya mtihani haikusubiri ukatafute kamusi.

Hapo ndipo huyu mwalimu anapostahili pesa zake.

Ni mzee mstaafu, amefundisha shule za sekondari za huku Bonde la Ufa maisha yake yote ya kazi. Anatuita sote Sista, hata yule jamaa wa Molo mwenye ndevu. Sisi tunamwita Mwalimu. Vile vitenzi ambavyo shuleni tulivijua kama phrasal verbs, vilivyokuwa vinatusubiri kwenye karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndani ya zile alama 15 za sarufi, yeye anaviita vitenzi vya mkia. Unachukua kitenzi cha darasa la kwanza, unakifungia kijineno nyuma, "up", "out", "off", "down", na ghafla hukijui tena. Shuleni dawa yake ilikuwa orodha. "Put off", kuahirisha. "Put out", kuzima. Mtihani ukiisha, orodha nayo inaondoka. Mzee huyu hana orodha. Anachukua kitenzi kimoja kwa jioni nzima na hakiachii mpaka kimetoa kila kilicho nacho. Jioni ya "pass out" peke yake ilinirudishia nusu ya ada.

Alianza kwa kuuliza nani ana ndugu aliyepitia NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa. Tuko Nakuru, Gilgil kwenye chuo chao iko hapo tu, mikono ikainuka karibu yote. Akauliza, ile siku ya gwaride la kumaliza mafunzo mnaiitaje? Tukaitikia pamoja: "Passing-out!" Hakuna asiyeijua. Matatu inakodiwa, keki inabebwa magotini, mama anashona nguo mpya, na kijana aliyeondoka nyumbani mwembamba anapita mbele ya wageni na mkono kwenye kofia. Wengine walikuwa na ndugu waliotokea Lanet kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, wengine Kiganjo kwa polisi. Kwetu sisi, mzazi akisema "my son passed out", kinachofuata ni mbuzi.

Basi akamwita dada mmoja wa zahanati ya kule Njoro, akamkabidhi kadi. Wewe uko mapokezi, mama ameingia mbio, anakwambia "My son passed out this morning." Dada yule akatabasamu kwa heshima zote akasema, "Congratulations, you must be very proud."

Tulicheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Mwalimu alingoja tumalize, akasema, "Sista, mtoto wa watu yuko sakafuni."

Kisha akatusimamisha. Watu watatu watoke mlangoni, mmoja mmoja. "Pass", "out": kupita, kutoka nje. Hiyo ndiyo maana ya maneno yenyewe kabla hayajaanza ujanja. Sasa mtazameni kuruta, akasema: anapita mbele ya wakubwa, anatoka langoni akiwa askari. Maana ya kwanza bado unaiona ndani ya ya pili. Akachukua nakala za zoezi, akampa jamaa wa Molo: "Pass these out." Kugawa. Karatasi zinapita mkononi mwake zinawaendea watu, hapo pia hujapotea. Kisha akauliza: aliyezimia je, ni nini kilichopita kikatoka? Mmoja akasema fahamu. Mwingine, huyo ni wa kanisani sana, akasema roho, akaambiwa apunguze, mgonjwa hajafika huko.

Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba tuutazame mkia badala ya kuhangaika na kitenzi. "Out" ya Kiingereza ina tabia ya kuzima vitu. Mshumaa "goes out". Moto unaupulizia maji, ume-"put it out". Stima ikipotea mji mzima ni "blackout", na mtu akipotewa na fahamu ame-"black out". Bondia akilala ulingoni ni "knocked out". Ukishaona hivyo, "pass out" ya kuzimia inaacha kuwa muujiza. Na sisi wenyewe, akasema, taa tunaizima na mtu anazimia, ni kitenzi kile kile, tofauti ni kwamba Kiswahili kinaongezea ndani ya neno na Kiingereza kinaacha nyongeza yake ikining'inia nje. Miaka yote nimeandika "amezimia" kwenye maelezo ya jamaa za wagonjwa na sikuwahi kuiona taa ndani yake.

Halafu likaja lile la kazi: utajuaje ni ipi kati ya hizo, na kaseti inakwenda? Kwanza sikiliza kama kuna kitu kinachopitishwa. Kukiwa na kitu, ni kugawa, na kitu hicho kikiwa kijineno kidogo kama "them" kinaketi katikati: "pass them out". Ukisikia mtu anasema "pass out them" jua hata yeye anajifunza. Pasipo na kitu, sikiliza kinachofuata. "Passed out from Gilgil", "passed out of the academy": kuna chuo, kuna kutoka, ni gwaride. "Passed out in the shower", "passed out for about a minute": hakuna anayehitimu bafuni, wala kuhitimu hakudumu dakika moja. Na mwisho sikiliza anayesema ni nani na sauti yake ikoje. Mama mwenye furaha hafiki mapokezi akihema.

Ili kutuharibia usingizi akaandika ubaoni: "He passed out at the passing-out parade." Ni sentensi sahihi kabisa, na yeyote aliyehudhuria magwaride haya amewahi kuiona kwa macho. Kuruta amesimama wima juani, magoti ameyakaza, misuli ya miguu haifanyi kazi ya kuisukuma damu irudi juu, damu inajikusanya miguuni, ubongo unapungukiwa, anaanguka. Unamlaza chali, unainua miguu, baada ya muda mfupi anafumbua macho akiuliza bunduki yake iko wapi. Sisi wauguzi tukaanza kubishana kuhusu kumpa maji au kutompa, mwingine akataka kujua kama alikunywa chai asubuhi, mpaka Mwalimu akagonga ubao akatukumbusha kwamba tumelipia Kiingereza.

Kutoka hapo akaingia kwa ndugu zake, na hapa wenzangu msikilize vizuri. "Pass out", "pass away", "pass on". Mwenzako wa zamu akikupigia simu kutoka wodi ya pili akisema "she's passed out", unakimbia. Akisema "she's passed away", kukimbia hakuna maana tena, unamtafuta daktari na unaanza kufikiria utaiambiaje familia. Kijineno kimoja kimebadilika. "Pass on" sisi Wakenya tunaijua kwa matangazo ya vifo, lakini hiyo hiyo inabeba salamu: "pass on my regards to your mother". Dada mmoja alisema yeye huogopa hata kuitumia kwa salamu, isije ikasikika vibaya. Mwalimu akamjibu kwa ile sheria ya kitu: "Uki-pass on kitu, uko hai. Uki-pass on bila kitu, tunachanga." Nimeshaitumia hiyo kumfundishia mdogo wangu wa sekondari.

Jioni nyingine sitazieleza zote. "Bring up" ilikuwa nzuri kwa sababu ina watoto pande zote. Mama "brings up" watoto, yaani anawalea. Mtoto naye "brings up" maziwa, yaani anayatoa. Na mtu kwenye mkutano "brings up" jambo ambalo hakuna aliyetaka lisemwe. Kwa hiyo mama wa kwenye kadi akikwambia "he's bringing up everything I give him", usimsifu kwa malezi, muulize rangi ya kinachotoka. "Come round" ilitupiga wengi: "my sister came round last night" ni kutembelewa, "she came round in the ambulance" ni kurudiwa na fahamu, na ambulensi si mahali pa kumtembelea mtu. "Cut down" ilipita haraka. Mti unaangushwa, chumvi inapunguzwa, na ile ya chumvi hudai "on" nyuma yake: "cut down on salt". Hiyo utaihitaji, maana kadi za wagonjwa wa presha na sukari hazikosekani kwenye mazoezi.

Kuna jambo lingine la mzee huyu ninalolipenda, na si walimu wengi wanaolifanya. Hadharau Kiingereza chetu. Sisi hapa mkia huwa tunaukata: "nitaku-pick saa kumi", "pick my call", na kwenye vibao vya barabarani matatu zimekatazwa "picking and dropping". Mwingereza angesema "pick you up", "drop you off", na simu pia angei-"pick up". Pengine tunaongeza pasipohitajika, kama "cope up with", ambapo wao wana "cope with" tu. Mwalimu anasema hayo si ya kuonea haya, ni Kiingereza kinachoeleweka kutoka Naivasha hadi Busia, ila mtihani umetungwa na watu wa kwingine na mgonjwa utakayemhudumia ni wa kwingine. Akatusomea pia kwamba Samuel Johnson, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kuwa vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu, lakini lilinipa. Shuleni tulichapwa kwa jambo ambalo mwenye kamusi mwenyewe alikiri ni gumu.

Sasa lawama.

Kelele. Nimesema kuna duka la spika chini. Saa kumi na mbili jioni, wakati sisi tunaanza kusikiliza kaseti, ndipo wenye duka wanapojaribu mali yao, na mali yao ni kubwa. Siku moja Mwalimu alimtuma jamaa wa Molo ateremke akaombe kwa adabu wapunguze sauti. Akarudi ametulia, tukamuuliza wamesemaje. "I asked them to turn it down and they turned me down." Yaani aliomba wapunguze sauti, wakamkatalia. Ilikuwa sentensi bora ya muhula mzima, Mwalimu aliiandika ubaoni na kuipigia mstari, lakini zoezi la kusikiliza siku ile hatukulisikia. Kwa darasa linalouza kusikiliza, hilo si dogo. Hata vipokea sauti vya bei nafuu vya masikioni vingesaidia, na kwa idadi ya watu waliolipa sioni kwa nini havijanunuliwa.

Na kaseti zenyewe: wote wanaozungumza humo wametulia, wanatamka kila herufi, wala hakuna anayekohoa. Hakuna Mskoti hata mmoja, hakuna mtu wa Newcastle, hakuna Mhindi wa Leicester wala Mnigeria wa Peckham, na hao ndio utakaowakuta wodini. Nilimwomba Mwalimu atafute, akasema atatafuta. Nimemaliza kozi bado anatafuta.

Kuandika ndiko kubovu kabisa. Mtihani unakutaka uandike barua ya rufaa au ya kumwachilia mgonjwa kwa dakika 45, kutoka kwenye maelezo ya faili. Sisi tulifundishwa muundo wake jioni moja, tukaandika, tukakusanya, na barua zangu nilizirudishiwa zikiwa na alama ya vema na neno "good". Good kivipi? Jambo moja la maana alilolisema, ninalitoa bure hapa: kwenye barua mkia unauacha mlangoni. Mgonjwa akikwambia "I passed out and threw up", wewe kwa daktari unaandika kwamba alipoteza fahamu na akatapika, kwa yale maneno marefu ya faili. Yaani ni lazima ujue njia zote mbili, ya kusikia na ya kuandika. Hilo ni kweli na lina thamani, ila halikutosha kwa pesa ya wiki sita.

Kuna pia imani moja ya Mwalimu ambayo mimi sikubaliani nayo. Anaamini kila kitenzi cha mkia, ukikiigiza kwa miguu na mikono, mwishowe kitakufungukia. Kwa "pass out" na "cut down" na "bring up", sawa. Lakini jioni ya "put up with", kuvumilia, alitumia karibu saa nzima kutuonyesha kwamba imetokana na kumpa mgeni malazi, kumbe mgeni anachosha, kumbe unavumilia. Ni hadithi tamu. Mimi siiamini, na yeye mwenyewe alipobanwa alikiri ni yake. Vingine havina mlango, ni vya kukariri ndani ya sentensi zake na kusonga mbele. "Take after" ya mtoto kufanana na baba yake, hebu niigizie hiyo. Angesema wazi ni vipi vya kutafuniwa na vipi vya kumeza, tungeokoa jioni kadhaa.

Darasa pia lilijaa kupita kiasi lilipofika katikati. Watu waliendelea kupokelewa, kadi za kuigiza zikawa zinafikia wachache, na wanaopenda kusikika ndio waliosikika. Ukiwa mpole, utatoka hapo hujafungua kinywa. Kaa mbele na uinue mkono bila aibu, umelipa kama wao.

Je, limenisaidia? Mtihani wangu bado, kwa hiyo cheti sina cha kuwaonyesha. Nina hiki: binamu yangu aliye Leicester alinipigia simu usiku mmoja, analalamika kwa baridi, akasema "the boiler's packed up". Ile "pack up" mimi niliijua ya mizigo, ya siku ya kufunga shule unafunga sanduku. Ningekuwa wa zamani ningemuuliza anahamia wapi. Nikafanya kama tulivyofundishwa. Hakuna kitu kinachofungwa, anayefunga ni mtambo wa kuchemsha maji, na anayenieleza anatetemeka. Mashine imegoma. Nikamwambia pole, fundi anakuja lini? Akaendelea na hadithi yake bila kujua nimefaulu mtihani hapo hapo kwenye simu. Kilichonipendeza ni kwamba hiyo hatukufundishwa. Orodha ya shule isingenifikisha.

Kwa hiyo, nani aende? Muuguzi anayefanya kazi, ambaye Kiingereza cha kusoma anacho na kinachompiga chenga ni watu wanavyoongea. Anayeanza kabisa atapotea, kwa sababu Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza na kurukia Kiswahili anapotaka kuchekesha tu. Anayetaka kuandika, atafute mtu wa kumsahihishia barua neno kwa neno, hata ikibidi alipie kando. Wa zamu za usiku, ongeeni naye mapema: anakubali ubadilishe jioni, ila hafidii masomo uliyokosa. Wanaotoka Njoro, Bahati na Molo, darasa linaisha saa mbili kasoro na wakati mwingine mzee anapitiliza akishanogewa. Mwambieni tangu mwanzo kwamba mna matatu ya kuwahi, hakasiriki.

Nyota nne kati ya tano kwa kuongea na kusikiliza, na ya nne naitoa kwa ajili ya "pass out" peke yake. Mbili kwa kuandika. Malipo ni kwa M-Pesa, moja kwa moja kwake. Risiti anatoa, ila mpaka uidai.